Rula juu ya ramani haikuonyeshi kibla

Mimi ni mpima ardhi, na swali hili nimelijibu mpaka limenichosha. Safari hii kapiga simu shemeji yangu wa New York. Kabandika ramani ya dunia kwenye mlango wa friji, kalaza rula kutoka kwake hadi Makka, rula imelala kusini-mashariki. “Mbona msikitini wanaelekea kaskazini-mashariki? Si wamekosea hao?”

Hawajakosea. Kibla cha New York ni nyuzi 58 hivi kutoka kaskazini kwenda mashariki. Ramani ya ukutani ni ganda la chungwa lililobanduliwa likavutwa mpaka likajaa kwenye mstatili. Ile ya mchoraji ramani Mercator, ya mwaka 1569, ilichorwa kwa ajili ya mabaharia: mstari ulionyooka juu yake ni safari ya kushika nyuzi zile zile za dira mwanzo hadi mwisho, wala si njia fupi. Tafuta tufe, ile ramani ya dunia iliyo mviringo kama mpira. Ncha moja ya uzi ishike New York, nyingine Makka, kisha ukaze. Uzi unaondoka New York ukipanda kaskazini-mashariki, unavuka Atlantiki, ndipo unateremka kupitia Ufaransa na Misri. Unakoanzia kuelekea uzi ndiko kwenye kibla. Laiti kila madrasa ingenunua tufe kabla ya ramani!

Najua imani hii ya rula inatoka wapi. Mombasa na Makka zinakaribia kuwa kwenye longitudo moja, kama 39.7 na 39.8, kwa hiyo kwetu rula na uzi husema neno moja: kaskazini. Ndiyo maana watu wa pwani kaskazini yenyewe huiita kibla. Lakini ukihamia Bujumbura tu, tayari ni nyuzi 22 kuelekea mashariki.

Dira nayo haionyeshi kaskazini halisi. New York sindano hukengeuka nyuzi 12 au 13 kwenda magharibi, na ile ya simu hupotoshwa na gari au nondo za ukutani. Wala kaskazini si lazima ikae juu ya karatasi: mchoraji ramani al-Idrisi, mwaka 1154, aliweka kusini juu. Tazama kwanza mshale wa kaskazini kwenye ramani.

Ukiwa Afrika Mashariki, ning'iniza timazi, yaani uzi wenye kitu kizito mwishoni, uani tarehe 27 au 28 Mei. Saa sita na dakika 18 mchana, kwa saa za Nairobi, jua huwa juu ya Makka hasa. Chora kivuli cha uzi ardhini, kisha geukia liliko jua.