Kanga, kaniki na mkasi: kutengeneza kitambaa cha matabaka

Pambo la ukutani la matabaka huharibika au hupendeza kabla cherehani haijawashwa, pale unapochagua nguo. Wanafunzi wangu wengi huja na doti mpya zenye maua ya kuvutia, wakidhani maua hayo ndiyo yatakayoonekana. Hayataonekana. Kazi yenyewe ni kupanga nguo tano au sita, moja juu ya nyingine, kuzishona pamoja kwa mistari sambamba, kisha kukata katikati ya mistari matabaka yote isipokuwa la chini kabisa. Ikishafuliwa, kinachobaki machoni ni kingo zilizochambuka na kusimama kama manyoya. Kwa hiyo dukani mimi sihangaiki sana na sura ya nguo. Nachomoa uzi mmoja pembeni na kuutazama.

Kanga huchapwa upande mmoja, na nyuma rangi hufifia. Ukingo wake ukichambuka hutoa rangi iliyopauka, yenye madoadoa. Si kasoro, ila ujue mapema. Kitenge kizuri cha nta kina rangi pande zote mbili. Kaniki, kwa kuwa hutiwa rangi nguo nzima, hutoa mstari mzito wa giza, na tabaka moja tu la kaniki katikati ya kanga nyekundu na za manjano hubadilisha kazi yote. Chini kabisa naweka marekani, ile nguo ngumu ya pamba isiyotiwa rangi, maana hiyo ndiyo itakayobeba uzito. (Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakiiuza Unguja katika karne ya 19. Kwa ugumu, bado haijapata mpinzani.)

Jihadhari na kanga za poliesta. Choma uzi kidogo: pamba hugeuka jivu na kunuka kama karatasi inayoungua, poliesta huyeyuka ikaacha kidonge kigumu. Hiyo haichambuki vizuri, iache. Halafu fua kila nguo peke yake kutoa wanga na kuona inayochuja. Nyekundu mpya siiamini kabisa.

Sasa mistari. Ni lazima iende mshazari, digrii 45 kutoka kwenye pindo. Ukishona na kukata sambamba na mtande, yaani nyuzi za urefu wa nguo, nyuzi za ukingoni zitakuwa zimelala kufuata mkato, hazijashikwa na mshono wowote, na nguo ikifuliwa zitadondoka moja moja mpaka ubaki na mshono mtupu. Ukikata mshazari, kila uzi ni mfupi na unapita chini ya mshono. Ncha zake huchanua, mwili wake hauondoki. Ukielewa hilo, mengine yote ya ufundi huu utayakisia mwenyewe.

Chora mstari wa kwanza katikati kwa chaki, kutoka pembe hadi pembe ya mraba, kisha sogea nje ukiacha sentimita moja kati ya mistari. Shona ukianzia katikati, sindano namba 14, mshono mfupi. Meno ya cherehani huvuta tabaka la chini huku mguu ukisukuma la juu, kwa hiyo legeza mgandamizo wa mguu na uweke pini nyingi kuliko unavyodhani zinahitajika. Kwa kukata, tumia mkasi ambao ncha yake ya chini ni butu, uteleze juu ya marekani bila kuitoboa. Fua, fikicha kwa brashi, kung'uta, anika. Kufua mara moja hakutoshi.

Na jina la kanga, yaani maneno yaliyochapwa juu yake? Wengine hulikata pamoja na mji, sehemu ya katikati ya kanga. Mimi nalikataa hilo. Naweka kanga yenye jina juu kabisa, nashona mzunguko kuzunguka maandishi, na mistari yote naikomesha hapo. Maneno yanabaki bapa na kusomeka katikati ya manyoya, na mgeni akiingia sebuleni ataanza kuyasoma kabla hajauliza imeshonwaje.