Barakoa isiyo na kamba: Ensor na zile nyuso zake

Kila nikimfundisha Ensor lazima atokee mwanafunzi wa kuuliza, sasa hawa watu kwenye picha zake wamevaa barakoa au ndo sura zao? Na huwa nafurahi sana nikilisikia hilo swali, maana kwa miaka yote niliyomsoma huyu mchoraji sijapata mlango mzuri wa kuingilia kazi zake kuliko huo.

James Ensor kazaliwa Ostend, mji wa pwani kule Ubelgiji, mwaka 1860, na kafia hukohuko 1949. Familia ya mama yake walikuwa na duka la kuwauzia wageni wa ufukweni makombe, vitu vya Kichina na barakoa za kanivali, ile sherehe ya kabla ya Kwaresima ambapo watu wanajifunika nyuso na kujaa mitaani. Kwa hiyo barakoa hakuzifuata mbali, zilikuwa dukani chini na yeye yuko darini juu anachora.

Sasa fikiria barakoa ya kweli. Ina mwisho. Ukimsogelea aliyevaa unaona kamba nyuma ya sikio, unaona pale karatasi inapoishia na shingo inapoanza, unaona macho yanachungulia kwenye matundu. Kwenye picha mambo ni mengine kabisa, ngozi ni rangi na barakoa ni rangi, zote zimetoka kwenye brashi moja, kwa hiyo ule mpaka utakuwepo tu kama mchoraji ameamua kuuweka. Hapo ndo Ensor alipopata nguvu yake, na mi naona wengi wanaomsifia kwa "vituko" wanapita bila kuliona hili.

Angalia alivyofika. Mwaka 1883 alichora picha inayoitwa Les Masques scandalisés, chumba chenye mwanga hafifu, mwanamume kakaa mezani na chupa yake, mwanamke anaingia mlangoni. Pale bado unajua kabisa hawa ni watu wawili waliovaa vitu usoni. Unaweza kuwaza wakivivua.

Halafu nenda kwenye L'Intrigue ya 1890, ipo makumbusho ya Antwerp. Ikuze kwenye skrini. Katikati kuna mwanamume mwenye kofia ndefu nyeusi na mwanamke pembeni yake mwenye maua kwenye kofia, na wengine wamewabana pande zote. Tafuta kamba. Tafuta ukingo wa barakoa hata mmoja. Mi nimetafuta sana na kila mara nakuta kidevu kinazama kwenye nguo, shavu limepakwa nyeupe nzito na wekundu juu yake, mdomo umefunguka kama unasema kitu, yaani ile karatasi imeota ikawa nyama. Hakuna cha kuvua tena.

Na hapa neno groteski, ambalo watu hulitumia kwa sura za ajabu au za kutisha, linatusaidia. Asili yake ni neno la Kiitaliano grotta, pango. Mwishoni mwa karne ya 15 watu kule Roma walishuka kwenye mabaki ya jumba la Nero, mfalme wa Roma ya kale, lililokuwa limefukiwa, wakakuta kutani michoro ya viumbe nusu mtu nusu mmea, mguu unageuka jani, mkia wa mnyama unaishia kwenye ua. Kwa hiyo tangu mwanzo groteski haikumaanisha ubaya wa sura, ilihusu umbo moja kuvuka mpaka na kuingia kwenye lingine, na hicho hasa ndicho Ensor anachokifanya kwenye mashavu.

Kwenye ile turubai yake kubwa ya 1888, Kristo anaingia Brussels, yenye upana wa zaidi ya mita nne, ameufanyia hivyo mji mzima. Mbele kabisa nyuso zinakujia, bendi inapita, juu kuna bango jekundu limeandikwa "Vive la Sociale", kauli ya Kifaransa ya kuyashangilia mapinduzi ya kijamii, na Kristo mwenyewe kadogo kwa nyuma juu ya punda, usipokuwa makini humuoni. Ilikaa miaka mingi bila kuonyeshwa hadharani mpaka 1929. Leo ipo makumbusho ya Getty, Los Angeles.

Wachoraji wengine waliochora barakoa walishika njia zao. Picasso 1907, wale wanawake wawili wa kulia kwenye picha yake Les Demoiselles d'Avignon, barakoa imekaa moja kwa moja juu ya shingo. Nolde, mchoraji wa Kijerumani aliyemtembelea Ensor 1911, mwaka huohuo alichora barakoa zimening'inizwa tu, hazina mvaaji, na kwangu zile zinatisha kidogo zaidi kwa rangi lakini hazinisumbui kwa muda mrefu.

Inayonisumbua ni ya 1899. Ensor kajichora katikati ya umati wa barakoa, zimejaa kutoka ukingo mpaka ukingo wa turubai, hakuna ukuta wala anga. Kavaa kofia nyekundu, ndevu zimechanwa vizuri, anatutazama. Uso wake tu ndo wenye ngozi ya mtu, umechorwa taratibu, kwa vivuli laini, na huku kando ya masikio yake zile nyingine zimemgandamiza kiasi kwamba hapaingii hata kidole.