Je, wajua kwa nini jeneza moja ndilo lililozaa mji wa Durham?

Treni inapopita Durham, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, abiria wengi hugeukia dirishani. Ng'ambo ya bonde kuna genge refu, na juu yake limekaa kanisa kuu lenye minara mitatu, na ngome karibu nalo. Chini kabisa Mto Wear umepinda ukalizunguka genge hilo pande tatu. Mahali pazuri pa kutazama, lakini pagumu pa kujenga. Kwa nini basi watu wa zamani walichagua pale, wakati nchi ya tambarare ilikuwepo?

Walipachagua kwa sababu ya maiti. Cuthbert, mtawa aliyewahi kuwa askofu wa Lindisfarne, alifariki mwaka 687 katika kisiwa kidogo cha Inner Farne. Akazikwa Lindisfarne, kisiwa ambacho maji yakijaa hutenganishwa na bara. Mwaka 698 watawa wenzake walifukua kaburi wakitarajia kukuta mifupa mikavu. Kwa maelezo ya Bede, mwanahistoria aliyeishi zama zilezile, waliukuta mwili mzima, haujaoza. Tangu siku hiyo Cuthbert akawa mtakatifu wa watu wa kaskazini, na mahujaji wakaanza kumiminika.

Kisha wakaja Waviking, mabaharia wavamizi kutoka Skandinavia. Walivamia Lindisfarne mwaka 793, na mashambulizi yakaendelea pwani ile hadi mwaka 875, watawa waliposhindwa kukaa. Wakaondoka, na hawakumwacha Cuthbert nyuma. Walilibeba jeneza lake, wakatangatanga nalo miaka kadhaa, kisha mwaka 883 wakatua Chester-le-Street, mji ulio karibu na Durham, wakakaa zaidi ya miaka 100. Hofu ya uvamizi ilipozuka tena mwaka 995 walihamia Ripon, na katika safari ya kurudi ndipo wakasimama Durham.

Hadithi ya wenyeji inasema jeneza lenyewe ndilo lililogoma: likawa zito, halisogei, mpaka walipomsikia mwanamke mmoja akiulizia ng'ombe wake aliyepotea karibu na genge hilo, wakamfuata. Naipenda hadithi hiyo, na ng'ombe wake amechongwa kwenye ukuta wa nje wa kanisa hadi leo. Lakini yeyote akitazama ramani ataona sababu nyingine. Watu waliokilinda kitu chao cha thamani kuliko vyote kwa zaidi ya karne nzima walikuwa wakitafuta pa kukificha. Genge lenye mto pande tatu lahitaji kulindwa upande mmoja tu.

Mambo hayo mawili, mtakatifu na ulinzi, ndiyo yanayoelezwa na kanisa na ngome, na hapo ndipo kinapoingia kituo cha wageni, mahali pa kupata maelezo; ndiyo sababu namshauri kila anayekwenda Durham aanze na maelezo kabla ya majengo. Ngome na kanisa viliingizwa pamoja katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1986, kama mahali pamoja. Wamiliki, hata hivyo, ni wawili: kanisa liko mikononi mwa Kanisa la Uingereza, ngome ni ya Chuo Kikuu cha Durham. Mgeni anayeingia kanisani moja kwa moja husikia habari za watakatifu. Anayeingia ngomeni husikia habari za maaskofu na vita. Nusu ya hadithi humpita bila yeye kujua. Kituo cha wageni cha Urithi wa Dunia kilifunguliwa mwaka 2011 katika kichochoro cha Owengate, kile kinachopanda kutoka Saddler Street kuelekea uwanja wa Palace Green. Ukimaliza kichochoro, ngome iko kulia kwako na kanisa kushoto. Kazi ya kituo cha namna hii ni kumfanya mgeni aone majengo mawili yakizungumza. Kabla ya safari, hakikisha siku na saa za kufunguliwa.

Majengo hayo yanaambiana nini? Wanormani, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa, walipoiteka Uingereza mwaka 1066, kaskazini mwa nchi haikukubali haraka. Robert de Comines, aliyetumwa na mfalme wao, William, kuitawala, aliuawa Durham Januari 1069 pamoja na askari wake. Mfalme akajibu kwa kuchoma vijiji na kuharibu chakula katika sehemu kubwa ya kaskazini, kisha mwaka 1072 ngome ikaanza kujengwa. Lakini kuta pekee hazitoshi kutawala watu wanaokuchukia. Mtakatifu wao tayari alikuwa pale juu. Basi maaskofu wa Durham wakapewa mamlaka mawili kwa pamoja, ya kiroho na ya kidunia: mahakama zao, sarafu zao, kodi zao, jeshi lao dhidi ya Waskoti. Aliyelinda kaburi ndiye aliyelinda mpaka. Mamlaka hayo ya kidunia yalirudishwa kwa mfalme mwaka 1836 tu, kisha ngome ikakabidhiwa chuo kikuu.

Kanisa lenyewe lilianza kujengwa mwaka 1093 chini ya Askofu William wa St Calais, na sehemu kubwa ilikamilika mwaka 1133. Miaka 40 kwa kazi ile ni kasi ya ajabu. Simama karibu na nguzo mojawapo ya ukumbi mkuu: mzunguko wake ni mita 6.6, na kimo chake mita 6.6 vilevile. Baadhi ya nguzo zimechongwa mistari ya kupanda na kushuka, nyingine miraba iliyolala pembeni. Sasa inua macho. Dari ni la mawe, limebebwa na mbavu za mawe zinazokatana. Dari la mawe la kawaida husukuma ukuta wote kuelekea nje, hivyo hudai ukuta mnene na madirisha madogo. Mbavu huukusanya uzito na kuushusha kwenye nguzo. Juu ya ukumbi mkuu mafundi wakatumia pia matao yenye ncha, na matao ya kuegemeza ukuta wakayaficha chini ya mapaa ya pembeni, mgeni asiyaone. Mbinu hizi ndizo zilizokuja kustawi katika makanisa marefu ya Kigothi ya karne zilizofuata.

Upande wa magharibi wa ukumbi, tazama sakafuni. Kuna mstari wa jiwe jeusi la Frosterley unaokata kanisa kwa upana. Zamani wanawake hawakuruhusiwa kuuvuka. Watawa walisema Cuthbert mwenyewe hakupenda wanawake wamkaribie, na neno hilo hurudiwa hadi leo. Mimi naona wanamwonea. Cuthbert aliye hai alikuwa rafiki wa Ælfflæd, mkuu wa monasteri ya Whitby, na alimtembelea. Jambo lililobadilika ni kwamba mwaka 1083 askofu aliwaondoa makasisi waliokuwa wakilitunza jeneza, wengi wao wenye wake na watoto, akaweka watawa wa Kibenedikto. Watawa hao wapya, wasiooa, walihitaji mtakatifu anayefanana nao.

Mlangoni utaona pete ya shaba yenye uso wa mnyama. Iliyopo ni nakala. Ya asili, ya karne ya 12, imehifadhiwa. Mkosaji aliyefika pale alipewa hifadhi ya siku 37, ama apatane na wanaomtafuta, ama ajiandae kuihama nchi. Hifadhi hiyo nayo ilitoka kwa Cuthbert.

Mwili ulihamishiwa nyuma ya madhabahu kuu mwaka 1104. Jeneza lilipofunguliwa wakati ule kilikutwa ndani yake kitabu kidogo cha Injili ya Yohana, ambacho Maktaba ya Uingereza ilikinunua mwaka 2012 kwa pauni milioni 9. Kaburi la fahari lilibomolewa zama za Mfalme Henry VIII, na leo bamba la jiwe limelala sakafuni na jina moja tu.

Vipande vya jeneza la mwaka 698 bado vipo. Vimewekwa katika jiko kuu la zamani la watawa, ambalo sasa ni sehemu ya makumbusho ya kanisa. Ni mbao za mwaloni, na juu yake mtu alichora kwa ncha ya kisu: Kristo, mitume, malaika wakuu, na Mariamu amempakata mtoto. Mistari ni myembamba na ya haraka. Majina ya baadhi yao yameandikwa kwa herufi za Kilatini, mengine kwa zile za kale za watu wa kaskazini. Tenga muda wa kutosha hapo, kisha vuka uwanja uende ngomeni. Wanafunzi wanaishi ndani yake, kwa hiyo wageni huingizwa kwa ziara za kuongozwa; weka nafasi mapema.