Dhana Potofu Kuhusu Miisho ya Gemu za Hadithi

Onyo kwanza: siri za miisho ya Mass Effect, Fallout 3, Red Dead Redemption na The Walking Dead zimefichuliwa humu.

Dhana: Wachezaji hukasirika kwa sababu walitaka mwisho wa furaha

Ukweli: Katika The Walking Dead ya studio ya Telltale (2012), mhusika mkuu Lee hafiki mwisho akiwa hai, uchague utakavyochagua. Katika Red Dead Redemption (2010), mhusika mkuu John Marston anamiminiwa risasi nje ya ghala lake. Miisho yote miwili inasifiwa mpaka leo. Lee anang'atwa na zombi kabla ya sehemu ya mwisho, mchezaji anajua kinachokuja, na kazi inayobaki ni kumwandaa Clementine, msichana mdogo anayemlinda, aweze kuishi peke yake. Huzuni hiyo imeandaliwa, ndiyo maana inakubalika.

Kinachochukiza ni hadithi kukiuka kanuni zake yenyewe. Mwishoni mwa Fallout 3 (2008) lazima mtu aingie kwenye chumba chenye mionzi inayoua. Fawkes, jitu lisilodhurika na mionzi, alikwisha kuingia mahali kama hapo mapema kwenye gemu ili akuletee kifaa. Sasa ukimwomba aingie badala yako, anakataa, eti hiyo ni hatima yako. Nyongeza ya Broken Steel (2009) iliruhusu mwenza wa namna hiyo aingie, na gemu ikaendelea baada ya pale.

Dhana: Tatizo ni uchache wa miisho, wangeandika mingi zaidi

Ukweli: Piga hesabu. Maamuzi 10 yenye njia mbili kila moja yanazaa michanganyiko 1,024. Yakifika 20, inapita milioni moja. Kila tawi linahitaji sauti za waigizaji, mijongeo ya nyuso na majaribio ya kusaka hitilafu, kwa hiyo studio hurudisha matawi kwenye shina moja. Chukua mfululizo wa Mass Effect: ukimuua mwenza wako Wrex katika gemu ya kwanza (2007), nafasi yake kwenye ya tatu inashikwa na mhusika mwingine, Wreav. Ukimmaliza malkia wa rachni, jamii ya viumbe kama wadudu, maadui wa jamii hiyo wanatokea vilevile. Katikati ya safari hili linavumilika, maana mchezaji anaamini tofauti itaonekana mbele. Kwenye mwisho hakuna mbele tena.

Dawa si wingi wa miisho, ni namna maamuzi yanavyotumika. Mass Effect 2 (2010) ilifanya hivyo kwa ustadi ambao hata mfululizo wenyewe haukuurudia. Misheni ya mwisho inakagua mambo madogo yenye jibu la ndiyo au hapana. Je, umeiongezea meli silaha, ngao na deraya? Bila deraya, mwenza wako Jack anakufa kabla hamjatua. Je, fundi uliyemwingiza kwenye bomba ni Tali, Legion au Kasumi, na umeshapata uaminifu wake? Ukimpa kikosi cha pili kiongozi asiyefaa, anayekufa ni yule fundi. Ukichelewa kuwafuata mabaharia waliotekwa, unawakuta wengi wameshakufa. Wakibaki wenza wasiozidi mmoja, Shepard, mhusika unayemwongoza, naye anakufa. Mandhari ni yaleyale kwa kila mchezaji, lakini majeruhi ni wako.

Mass Effect 3 (Machi 2012) iligeuza maamuzi kuwa alama. Kila jamii uliyoiokoa iliongeza namba fulani kwenye nguvu za kivita, kisha jumla ikazidishwa kwa kiwango cha utayari kilichoanzia asilimia 50, na njia kuu ya kukipandisha ilikuwa kucheza na wengine mtandaoni. Alama 6,000 zilihesabika kuwa 3,000. Baada ya hapo unachagua moja kati ya njia tatu, na video zilizofuata zilifanana mno, tofauti kubwa ikiwa rangi: nyekundu, buluu, kijani. Maamuzi ya miaka mitano yakaishia kuwa namba ambayo hakuna mhusika anayeizungumzia. Hapo ndipo hasira ilipozaliwa, tena ya haki kabisa, hasa kwa kuwa kabla ya gemu kutoka, mkurugenzi Casey Hudson alikuwa amewaahidi watu kwamba hawatapata mwisho wa kuchagua A, B au C.

Dhana: Waandishi walikuwa wavivu

Ukweli: Mara nyingi mkosaji ni kalenda. Sehemu za mwisho ndizo hubanwa muda ukiisha. Knights of the Old Republic II (2004) ilitoka na vipande vya hadithi vilivyokatwa, kikiwemo kiwanda cha roboti za HK, na mabaki yake yakabaki ndani ya mafaili. Wachezaji ndio walioyaunga upya.

Dhana: Mwisho ukishatoka, hakuna la kufanya

Ukweli: Extended Cut, nyongeza ya kurefusha mwisho wa Mass Effect 3, ilitolewa bure Juni 2012. Ilionyesha hatima ya jamii mbalimbali, ikaeleza wenza walivyorudi kwenye meli, ikashusha alama zinazohitajika, na ikaongeza njia ya nne ya kukataa zote tatu. Mapengo ya maelezo yakazibika. Maamuzi kugeuzwa alama, hilo halikuguswa. Legendary Edition (2021), toleo lililoboreshwa la gemu zote tatu, iliondoa uchezaji wa mtandaoni pamoja na kile kizidisho cha utayari, lakini chaguo zile tatu za rangi bado zipo palepale.