Herufi na namba za nyota si vyeo

Kitambulisho cha katalogi ni alama ambayo mtungaji wa orodha fulani ya nyota ameipa kila nyota ili msomaji wa orodha hiyo asiichanganye na nyingine. Alama hiyo yaweza kuwa herufi ya Kigiriki inayofuatwa na jina la kundinyota, kama Alfa ya Jabari, au namba inayotanguliwa na kifupi cha jina la orodha, kama HD 45348. Maana yake ni hiyo tu, na ingetosha kuishia hapo kama si mazoea yaliyoenea miongoni mwa wapenzi wa anga ya kutangaza kwamba Alfa ndiyo nyota inayong'aa kuliko zote katika kundinyota lake, Beta ni ya pili, Gama ni ya tatu, na kwamba nyota yenye namba kubwa lazima iwe hafifu, au iko mbali, au imegunduliwa juzijuzi. Kauli hizo hurudiwa kwa uhakika mkubwa, na karibu zote zinavunjwa na anga yenyewe mtu akitoka nje usiku na kutazama juu.

Herufi zilitoka kwa Johann Bayer, mwanasheria wa mji wa Augsburg, Ujerumani, aliyechapisha atlasi yake ya anga, Uranometria, mwaka 1603. Kabla yake nyota nyingi zilielezwa kwa mahali zilipo kwenye umbo la kundinyota: iliyo kwenye bega, iliyo gotini, iliyo kwenye ncha ya mkia. Bayer aliona kwamba herufi moja ingefanya kazi hiyo kwa ufupi zaidi, akaanza kugawa alfabeti ya Kigiriki, na ilipomwishia akaingia katika herufi za Kilatini. Ni kweli kwamba kwa kawaida alianza na nyota angavu, na hapo ndipo kosa linapopata nguvu. Lakini Bayer hakuwa na kipimo cha mng'ao kama tulicho nacho leo. Alikuwa na madaraja sita yaliyorithiwa kutoka kwa watu wa kale, yaliyokadiriwa kwa macho matupu, na ndani ya daraja moja hakujaribu kupanga nyota kwa mng'ao wake. Aliweza kufuata umbo la kundinyota, au desturi, au jambo jingine lolote lililomwelea.

Matokeo yake yanaonekana kwa macho. Katika Jabari, ambalo kimataifa huandikwa Orion, Betelgeuse ni Alfa na Rigel ni Beta, ilhali Rigel kwa kawaida ndiyo inayong'aa zaidi. Kwa Bayer zote mbili zilikuwa za daraja la kwanza, basi. Katika Mapacha, Castor ni Alfa na Pollux ni Beta, ingawa Pollux inamshinda pacha wake waziwazi. Katika zile nyota saba mashuhuri za Dubu Mkubwa, Bayer aliandika kuanzia Alfa hadi Eta akifuata mstari wa umbo kutoka upande mmoja hadi mwingine, na nyota angavu kuliko zote humo, kwa tofauti ndogo sana, ni Epsiloni, herufi ya tano.

Mfano unaotufaa zaidi sisi tulio karibu na Ikweta, hata hivyo, uko kusini, na unashangaza kwamba hautajwi mara nyingi. Wagiriki wa kale walikuwa na kundinyota kubwa mno lililoitwa Argo Navis, merikebu ya masimulizi yao, lililotanda katika eneo ambalo jioni za Februari na Machi huonekana vizuri kutoka pwani yetu. Mwanafalaki wa Kifaransa Nicolas-Louis de Lacaille, aliyekaa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751 na 1752 akipima mahali pa nyota karibu 10,000 za kusini, aliona chombo hicho ni kikubwa kupita kiasi, akakigawa sehemu tatu: Mkuku, Shetri na Tanga, ambazo kwa Kilatini ni Carina, Puppis na Vela. Katika kugawa huko alitumia herufi za Kigiriki mara moja tu kwa merikebu nzima. Baadaye sehemu hizo tatu zilipokubaliwa kuwa makundinyota kamili, miongoni mwa yale 88 yaliyoorodheshwa na Umoja wa Kimataifa wa Astronomia mwaka 1922, kila nyota iliondoka na herufi yake kama mali ya mirathi. Mkuku ulipata Alfa na Beta, kisha ukaruka hadi Epsiloni. Tanga halina Alfa wala Beta. Linaanzia Gama, na Gama hiyo ndiyo nyota yake angavu kuliko zote. Shetri linaanzia Zeta, nayo Zeta ndiyo inayoongoza humo kwa mng'ao. Anayeshikilia kwamba Gama ni nyota ya tatu atalazimika kuzitafuta nyota mbili za Tanga ambazo hazikuwahi kuwapo.

Humo humo Mkukuni imo Eta, nyota ambayo mwaka 1843 iliwaka ghafla hadi ikazishinda zote angani usiku isipokuwa Sirius, kisha ikafifia hata isionekane tena kwa macho matupu kwa miaka mingi. Herufi yake haikupanda wala kushuka, kwa kuwa haikuwa imewekwa kupima chochote.

Kuhusu namba, jambo ni jepesi zaidi. Namba ya katalogi ni kama namba ya mwanafunzi katika daftari la mahudhurio: yaonyesha mstari alioandikwa, si nafasi aliyoshika kwenye mtihani. Katalogi ya Henry Draper, inayofupishwa HD, ilitolewa kati ya 1918 na 1924 ikiwa na nyota 225,300 zilizoainishwa kwa aina ya mwanga wake, kazi iliyofanywa kwa sehemu kubwa na Annie Jump Cannon katika chuo cha Harvard. Mstari wa nyota katika orodha hiyo ulitokana na mahali pake angani kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa kipimo kinachofanana na longitudo ya duniani. Katalogi ya setilaiti ya Hipparcos, HIP, iliyotolewa mwaka 1997 ikiwa na nyota 118,218, inafuata kanuni ya namna hiyo. Ndiyo maana Suheli, nyota ya pili kwa mng'ao katika anga nzima ya usiku, ni HD 45348 na pia HIP 30438, na ndiyo maana Proxima, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya Jua, ni HIP 70890. Namba hizo hazikusudii kuzishusha hadhi.

Suheli yenyewe inafaa kuwafundisha wale wanaodai kwamba namba hazina haja kwa kuwa majina ni mazuri zaidi. Kwa mabaharia wa pwani, na kwa Waarabu lilikotoka jina hilo, Suheli ni ile nyota angavu ya kusini ambayo vitabu vya Ulaya huiita Canopus, yaani Alfa ya Mkuku. Lakini katika orodha rasmi ya majina ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, jina Suhail limepewa nyota nyingine kabisa, Lamda ya Tanga, HD 78647. Mswahili akisema Suheli na mwenzake wa ng'ambo akasema Suhail, wanaweza kuelekeza darubini pande mbili tofauti huku kila mmoja akiwa na haki. Wakitaja HD 45348 hawataachana.

Zipo pia namba zinazoambatana na jina la kundinyota, kama 61 Cygni au 51 Pegasi, ambazo huitwa namba za Flamsteed kwa heshima ya John Flamsteed wa Greenwich, ingawa aliyezipanga jinsi tunavyozitumia ni Mfaransa Lalande, katika toleo la mwaka 1783, zaidi ya miaka sitini baada ya Flamsteed kufariki. Nazo hufuata mwelekeo wa magharibi kwenda mashariki ndani ya kila kundinyota. Kwa kuwa Flamsteed alitazama akiwa Uingereza, nyota za Salibu, za Mkuku na nyingine za kusini kabisa hazimo, na 47 Tucanae, inayofanana nazo kwa sura, ilipata namba yake kwa Bode, mwanafalaki wa Berlin. Tena hiyo si nyota moja bali ni kundi la nyota nyingi sana.

Haki inadai tukubali kwamba ziko namba zinazofuata mpangilio wa ugunduzi. Miradi ya kutafuta sayari nje ya mfumo wa Jua huhesabu mifumo kadiri inavyopatikana, kwa hiyo WASP-71, nyota ambayo mwaka 2019 ilipewa jina la Mpingo lililopendekezwa kutoka Tanzania, huenda na hesabu ya mradi wake. Nyota iliyopewa jina kutoka Kenya katika zoezi hilo hilo, Kalausi, ni HD 83443, na namba hiyo haihusiani hata kidogo na sayari yake, Buru, kwa kuwa iliandikwa Harvard miongo mingi kabla ya sayari hiyo kujulikana. Herufi ndogo b inayowekwa mwishoni mwa HD 83443 b huonyesha sayari ya kwanza kupatikana katika mfumo huo, wala haisemi kwamba ndiyo iliyo karibu zaidi na nyota yake. Herufi kubwa A na B, kama katika Alfa Centauri, ni za nyota pacha, na kuzichanganya na zile ndogo ni kugeuza nyota kuwa sayari.

Kwa hiyo badala ya kuandika kwamba Gama ya Tanga ni nyota ya tatu kwa mng'ao, iandikwe kwamba ni nyota ya Tanga iliyopewa herufi Gama, na mng'ao wake utajwe kando kwa kipimo chake. Na mtu akitaja nyota namba 45348 peke yake, bila HD wala kifupi kingine mbele, aulizwe kwa upole ni ya orodha ipi, kwa sababu katika HD namba hiyo ni Suheli, na katika HIP ni nyota nyingine.