Je, wajua kwa nini ndege hukawia zaidi ikienda New York kuliko ikirudi London?

Kati ya uwanja wa ndege wa Heathrow, London, na ule wa John F. Kennedy, New York, kuna kilomita zipatazo 5,540. Umbali huo haubadiliki, lakini safari ya kuelekea magharibi huchukua takriban saa 8, ilhali ya kurudi mashariki huchukua saa 7 au pungufu.

Wapo wanaodhani kwamba sababu ni mzunguko wa dunia. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo kama dhana hiyo ingekuwa kweli, New York ingekuwa inaijia ndege iliyotoka London, na safari ya magharibi ndiyo ingekuwa fupi. Ukweli ni kwamba hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege iliyomo ndani yake huzunguka nayo.

Jawabu ni upepo. Katika kimo cha kilomita 9 hadi 12, ambako ndege kubwa hupita, kuna mkondo wa upepo mkali uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki, unaozaliwa na tofauti ya joto kati ya hewa ya tropiki na hewa ya ncha ya kaskazini, kisha ukapindishwa na mzunguko wa dunia (hapo ndipo mzunguko unapohusika). Majira ya baridi, tofauti hiyo inapoongezeka, upepo huo huweza kupita kilomita 300 kwa saa.

Tuchukue ndege iendayo kilomita 900 kwa saa ndani ya hewa, na upepo wa kilomita 150 kwa saa njia nzima. Ukiisukuma kutoka nyuma, itafika kwa saa 5 na dakika 17; ukiikabili, itahitaji saa 7 na dakika 23. Jumla ni saa 12 na dakika 40, wakati bila upepo ingekwenda na kurudi kwa saa 12 na dakika 19. Upepo haurudishi chote ulichochukua, kwa sababu ndege hukaa muda mrefu zaidi katika safari ya kupingwa kuliko katika safari ya kusukumwa.

Februari 2020, ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56. Mwendo wake juu ya ardhi ulizidi kilomita 1,300 kwa saa, lakini haikuvuka kasi ya sauti, kwani sehemu ya mwendo huo ilikuwa ya hewa yenyewe iliyoibeba.

Ndiyo maana njia za kuvuka Atlantiki hupangwa upya kila siku. Ziendazo mashariki huufuata mkondo huo, na ziendazo magharibi huukwepa, mara nyingi zikipanda kaskazini zaidi na kuongeza mamia ya kilomita ili zifike mapema.