Kliniki ya Daktari, Amri ya Nani?

"Marekani ni pesa tu, mwenye mtaji anafungua kliniki na kuajiri madaktari." Si kila mahali. Majimbo mengi, yakiwemo California, Texas na New York, yanakataza kampuni isiyo na leseni ya udaktari kutibu watu kwa mikono ya madaktari iliowaajiri. Leseni hupewa mtu aliyesomea tiba, anayeweza kunyang'anywa akikosea. California, madaktari lazima wawe na angalau asilimia 51 ya hisa za shirika la udaktari, na hisa zilizobaki ni za watu wa afya wenye leseni, kama wauguzi.

"Ni sheria ya nchi nzima." Hapana, kila jimbo lina yake. Illinois, kwa mfano, Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua mwaka 1997 kwamba hospitali zenye leseni zinaruhusiwa kuajiri madaktari.

"Jina la daktari likiwa kwenye hati, sheria imetimia." Hapa ndipo panaponiuma. Mwekezaji huunda kampuni ya uendeshaji inayoshughulikia jengo, vifaa, wahudumu na bili. Daktari mmoja hubaki mmiliki wa kliniki kwenye karatasi, kisha husaini mkataba unaomzuia kuuza hisa zake bila idhini ya kampuni hiyo, wakati mwingine hata kuipa uwezo wa kumteua mrithi wake. Kusaidiwa uendeshaji si kosa. Kosa huanza kampuni inapoingia chumba cha daktari. Bodi ya Madaktari ya California imetaja bayana yaliyo ya daktari kuamua: vipimo gani vifanywe, mgonjwa apelekwe kwa bingwa au la, na wagonjwa wangapi waonwe kwa muda fulani. Hilo la mwisho wengi hulipuuza. Mama anayehitaji nusu saa kueleza maumivu ya kifua akipewa dakika 10, tayari tiba yake imeamuliwa na mtu ambaye hajawahi kumwona.

"Ni sheria za kizamani, zinajifia." Asili yake ni ya zamani kweli. Lakini mwaka 2025 Oregon ilizibana kampuni za uendeshaji zisidhibiti kliniki kwa mlango wa nyuma. Mwaka huohuo California ilipitisha sheria, inayotumika tangu Januari 2026, ya kuwazuia wawekezaji wa mitaji binafsi (kampuni zinazokusanya fedha za wawekezaji kununua biashara) kuingilia uamuzi wa kitabibu. Vilevile, kwa sheria hiyo, kipengele cha mkataba wao na kliniki kinachomziba daktari mdomo asizungumzie ubora wa huduma ni batili.